Cheo Kiende, Mtu Abaki

Siku ya kumuaga mstaafu, ukumbi hujaa. Meza kuu imefunikwa kitambaa cheupe, mstaafu na mwenzi wake wameketi katikati wakiwa wamevishwa mataji ya kumetameta shingoni, na mshereheshaji anaita idara moja baada ya nyingine. Wahasibu wanakuja wakicheza na friji, madereva wanakuja na mifuko ya saruji, kina mama wa masjala wanamfunika mkewe vitenge. Risala inasomwa. Anaambiwa alikuwa nguzo, baba na mlezi, na kwamba ofisi haitakuwa ile tena bila yeye. Jumatatu inayofuata ofisi inafunguliwa saa moja na nusu kama kawaida. Kabla ya wiki kwisha ameondolewa kwenye kundi la WhatsApp la idara, maana mle hujadiliwa mambo ya kazi. Hakuna aliyemkosea. Utaratibu ndio huo.

Watu wengi hujiandaa kwa sherehe, wachache hujiandaa kwa ile Jumatatu. Makala haya yanawahusu zaidi waliobakiza miaka kadhaa kuifikia, na watoto wao, na wenzi wao. Lakini swali lililomo ndani yake linamhusu kila aliyewahi kuitwa kwa nafasi yake kuliko kwa jina lake: je, nafasi hiyo ndiyo wewe mzima?

Jibu langu ni hili. Nafasi yako katika jamii ni kweli, na inastahili heshima yake. Hatari huanza pale unapoiachia ikutunzie kila kitu: marafiki, ratiba ya siku, heshima, hata namna ya kuzungumza na wanao. Ikiondoka, inaondoka navyo vyote.

Kuitwa kwa cheo si kosa

Sisi ni watu wa kuitana kwa nafasi. Mtaani kuna Mwalimu, Afande, Daktari, Shehe, Mchungaji, Mjumbe, Fundi, na nusu ya kina mama hawajulikani kwa majina waliyopewa na wazazi wao; ni Mama Asha na Mama Baraka. Mila hii ina hekima yake. Kila anayekuita hivyo anakukumbusha kwamba una pahala pako hapa, na kwamba kuna watu wanaokutegemea.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoshauri kwamba mtu ajivue nafasi zote ili apate kuuona uhalisi wake. Mvue mtu ualimu, ubaba, ujirani, uumini na ujomba, utabaki na mtu mpweke, na upweke haumfanyi awe halisi zaidi. Wazee walisema mtu ni watu, na walisema kweli. Kinachomponza mtu ni kubeba nafasi moja tu, akaiacha ikameza nyingine zote.

Watu wa Tanga walilipata somo hili kwa njia ya katani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza dunia kwa zao hilo, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Reli, bandari, kambi za manamba, maduka ya mjini, vyote vilisimama juu ya mkonge. Nyuzi za viwandani zilipoliteka soko la kamba, bei ikaanguka, na mkoa mzima ukayumba pamoja nayo. Mkonge haukuwa zao baya, na ulilisha watu miaka mingi. Tatizo ni kwamba ulikuwa unategemewa peke yake. Mtu ambaye kila kitu chake kimepandwa ofisini yuko katika hali hiyohiyo, hata kama msimu huu mavuno ni mazuri.

Hesabu ya miaka

Katika utumishi wa umma Tanzania, mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa kawaida analazimika kustaafu akifikisha 60. Aliyeajiriwa na miaka 25 anakuwa ameishi miaka 35 ndani ya kazi. Ni muda mrefu, lakini baada ya hapo muda nao si haba. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliushika urais miaka kumi, akaondoka Ikulu mwaka 1995, na akafariki Februari 2024. Maana yake aliishi kama rais mstaafu karibu mara tatu ya muda aliokuwa rais. Si kila mtu atajaliwa umri kama wake, lakini hesabu ya namna hiyo inatosha kumshtua anayedhani kustaafu ni kipindi kifupi cha kupumzika. Ni maisha mengine kamili, na yanahitaji mtu wa kuyaishi.

Dalili za kujichunguza

Utajuaje kama cheo kimekumeza? Huhitaji mtaalamu. Tazama mambo haya manne.

La kwanza ni simu. Pitia orodha ya waliokupigia wiki hii. Kama kila aliyekupigia alikuwa na shida inayotatuliwa na kiti chako, si na wewe, basi simu hizo ni za kiti. Atakayekikalia kesho ndiye atakayezipokea.

La pili ni likizo. Wapo wanaojisifu kwamba hawajachukua likizo kwa miaka. Wengine ni wachapakazi kweli. Wengine wanaiogopa, maana siku ya tatu nyumbani hawajui washike nini, wala wazungumze na nani.

La tatu ni itifaki. Kwenye harusi ya mpwa wako umekalishwa kiti cha nyuma na mshereheshaji hakukutambulisha. Ukirudi nyumbani na kinyongo cha wiki mbili, jiulize ulikwenda pale kama mjomba au kama mkurugenzi. Mjomba hupewa heshima yake na bibi harusi anapomkumbatia, hata kipaza sauti kikinyamaza.

La nne, na ndilo gumu kuliko yote, ni lugha unayoitumia nyumbani. Mchukue mwalimu mkuu aliyestaafu mwezi uliopita. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, anaoga, anavaa shati la mikono mirefu, anakaa sebuleni. Hana wanafunzi, basi anapata wa karibu. Anamuuliza binti wa kazi kwa nini ua halijafagiliwa hadi saa moja. Anaingia jikoni, anafunua sufuria, anataka kujua kwa nini mafuta ya kula yanakwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Mjukuu akichelewa kurudi kutoka dukani anasimamishwa na kutakiwa kujieleza. Mkewe, ambaye kwa miaka thelathini ameiendesha nyumba ile bila mkaguzi, anaanza kuongeza safari za sokoni. Mzee hana roho mbaya. Anatafuta pa kuweka kazi yake, na hajaambiwa kwamba nyumba ilikuwa na uongozi wake kabla hajarudi.

Waliobeba zaidi ya kimoja

Historia yetu ina watu waliotuonyesha njia. Shaaban Robert aliingia katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni mwaka 1926, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita katika ofisi za serikali. Alikuwa mtumishi wa ngazi za kawaida chini ya maofisa wa kizungu ambao leo hakuna anayewakumbuka. Kama angekubali kwamba yeye ni karani basi, tusingekuwa na vitabu vyake. Hakuacha kazi ili awe mshairi. Mshahara ule ulimlisha yeye na familia yake. Alikataa tu kuiruhusu ajira iseme neno la mwisho juu yake.

Siti binti Saad alikuwa na mzigo tofauti. Yeye nafasi aliyopewa haikuwa ya kujivunia. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo uliopitia utumwa, akawa mfinyanzi na muuza vyungu. Katika Zanzibar ya wakati ule, asili ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa jibu kamili kwa swali la nani ni nani. Aliingia mjini mwaka 1911, akajifunza muziki, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika kwa njia hiyo. Watesi wake walimkebehi kwa asili yake. Kisa chake kinatufundisha kwamba nafasi ya chini humfunga mtu sawa na ya juu, na kwamba jamii ikishakupachika jina hailibadilishi mpaka ioneshwe jambo jingine.

Kisha kuna Julius Nyerere. Aliacha kufundisha shule mwaka 1955 ili aingie siasa moja kwa moja, lakini jina la Mwalimu likamfuata hadi alipofariki mwaka 1999. Uwaziri mkuu ulipita, urais ukapita, uenyekiti wa chama ukapita, na watu wakaendelea kumwita kwa kazi iliyokuwa ndogo kuliko zote hizo. Yapo mambo mawili ya kujifunza kwake kuhusu kuondoka. Kwanza, aliondoka kwa hatua: urais aliuachia 1985, uenyekiti wa CCM akauachia 1990. Pili, hakusubiri kustaafu ndipo atafute cha kufanya. Akiwa bado madarakani alitafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Kwa kuwa alikuwa na shamba Butiama, vitabu, imani yake na usuluhishi wa mgogoro wa Burundi, hakuwa na sababu ya kung'ang'ania kiti ili ajue yeye ni nani.

Miaka mitano kabla

Sasa tuje kwenye vitendo. Kama umebakiza miaka mitano, anza na marafiki. Chagua watu wawili au watatu ambao hamna uhusiano wowote wa kikazi: mliyesoma naye, jirani wa miaka mingi, mwenzako wa jumuiya au wa msikitini. Watembelee bila sababu. Urafiki haununuliwi kwa kiinua mgongo. Unajengwa kwa vikombe vya kahawa vya miaka mingi, na ukichelewa kuanza utajikuta unabisha hodi kwa mtu aliyekwisha kukuzoea kama bosi.

Pili, toka kidogokidogo. Mfundishe msaidizi wako kazi yako yote, pamoja na ile sehemu unayojivunia kwamba wewe tu ndiye unayeiweza. Mwache aendeshe vikao ukiwapo. Itakuuma, na hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Anayeficha siri za kazi ili asikosekane huwa anajidanganya, maana siku ya kutimiza miaka sitini ikifika barua itatoka vilevile.

Tatu, anza jambo moja ambalo ndani yake wewe ni mwanafunzi. Nimesema mwanafunzi kwa makusudi. Ukienda kujifunza ufugaji wa nyuki, kinanda cha kwaya au tajwidi, atakuwapo kijana wa miaka ishirini na tano wa kukusahihisha. Mtu aliyekuwa akisahihisha wengine miaka thelathini anahitaji kuonja hali hiyo mapema, kabla maisha hayajamlazimisha.

Fedha na heshima

Watumishi wa umma hulipwa na PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PPF, PSPF, LAPF na GEPF. Wa sekta binafsi huwa chini ya NSSF. Mstaafu aliyetimiza masharti hupata mkupuo, kisha pensheni ya kila mwezi. Mkupuo huo ndio mtihani. Wengi huupoteza kwa biashara wasizozijua, na ukichunguza utakuta mara nyingi hawakuwa wakitafuta faida tu. Walikuwa wakinunua tena heshima iliyobaki ofisini.

Anakuja kijana na wazo la daladala mbili, anamwita mzee "bosi" mara kumi na mbili katika mazungumzo ya nusu saa, na mzee anatia sahihi. Au binti anaolewa, na baba anaahidi kamati kiwango kilekile ambacho angekiahidi akiwa na marupurupu. Au linanunuliwa gari kubwa ili majirani wasiseme mzee amefulia.

Ushauri wangu ni kwamba matumizi yoyote makubwa ya mwaka wa kwanza yapite kwenye swali moja: kama hakuna mtu atakayekiona kitu hiki, bado ningekinunua? Paa linalovuja litapita swali hili. Bima ya afya itapita. Gari la kifahari huenda lisipite. Kisha panga maisha ya kila siku kwa pensheni ya mwezi, na mkupuo uuone kama akiba ya ugonjwa, makazi na mradi mmoja unaoujua kwa mikono yako mwenyewe. Na michango ya harusi ishuke mapema, kwa maneno ya wazi: "Sasa ni mstaafu, nitachangia kiasi hiki." Utaona aibu mara moja tu. Deni lina aibu ya kila mwezi.

Mwaka wa kwanza

Mstaafu mpya huvamiwa na vyeo vidogo. Kamati ya shule inamtaka awe mwenyekiti, jumuiya inamtaka awe mwenyekiti, kamati ya harusi ya mtoto wa jirani nayo inamtaka awe mwenyekiti. Nashauri ukatae uenyekiti wote kwa mwaka mmoja. Kubali ujumbe. Kaa kwenye benchi pamoja na wengine, sikiliza, changia zamu yako ikifika. Ukirukia kiti kingine siku ya pili, hutajua kamwe kama watu wanakupenda au wanapenda kuongozwa. Mwaka ukiisha na bado wanakutaka, chukua, maana uzoefu wako ni mali ya jamii na kuuficha nako ni uchoyo.

Ipe siku yako mhimili. Siku ya mfanyakazi inabebwa na kengele ya ofisi. Ya mstaafu isipobebwa na kitu huanguka mchana kwenye kochi mbele ya televisheni. Jambo moja kwa siku linatosha, mradi awepo mtu anayekusubiri kulifanya: kuku wanaohitaji maji, mjukuu wa kumpeleka shule, mgonjwa wa kumtembelea, wazee wenzako barazani saa kumi.

Na nyumbani, omba kazi. Usijipangie. Muulize mkeo, au mumeo ikiwa mstaafu ni wewe mama: "Nikusaidie nini hapa?" Ukipewa kazi ya kulipia luku na kufuatilia fundi bomba, ifanye vizuri, na sufuria uyaachie mamlaka yake.

Kwa watoto na waliobaki kazini

Familia ina mchango mkubwa katika jambo hili. Watoto wengi hukosea kwa upendo: "Baba, wewe pumzika tu." Kwa wiki ya kwanza ni maneno matamu. Mwezi wa tatu yana maana kwamba hahitajiki. Afadhali umpelekee jambo la kweli, mkataba wa kiwanja autazame, mtoto anayesumbuliwa na hesabu, ugomvi wa ukoo unaotaka mtu mwenye subira. Msimgeuze mlinzi wa nyumba wala mlezi wa wajukuu wa saa ishirini na nne bila kumuuliza, maana hapo mtakuwa mmemwondolea cheo kimoja na kumfunga kwa kingine.

Ninyi mlioachwa ofisini, mtembeleeni siku isiyo na sherehe, na msiende kumuuliza faili fulani liko wapi. Nendeni mkaongee habari za mpira.

Si wastaafu peke yao

Mama aliyeitwa Mama Fulani kwa miaka ishirini hupata Jumatatu yake siku kitinda mimba anapokwenda chuo. Kwake ushauri ni uleule: kikundi cha VICOBA, kozi ya ushonaji, safari ya kumwona dada yake Kigoma vianze watoto wakiwa bado nyumbani, na asijione amewaibia muda.

Mjane naye hufungwa na jina. Sheria ya Kiislamu imemwekea eda ya miezi minne na siku kumi, na muda huo una mwisho unaojulikana. Basi jamii isiendelee kumtazama kama mjane tu miaka saba baadaye, ikihesabu rangi za nguo zake na wageni wake.

Kifungua mimba anayesomesha wadogo zake wanne asisubiri kuchoka ndipo aseme. Akae na ukoo mapema, ataje kiasi anachoweza na mwaka atakapokoma. Vinginevyo atakuwa benki kwa ndugu zake, na siku mshahara ukikatika atashangaa salamu nazo zimekatika.

Na kijana aliyemaliza chuo bila ajira, anayekwepa misiba kwa kuogopa swali la "siku hizi uko wapi?", asiseme "nipo tu." Aseme anachokifanya: nafundisha watoto wa mtaani kwetu hesabu jioni, namsaidia mama dukani, naomba kazi kila wiki. Yote hayo ni ya kweli, na yeye si nafasi iliyo wazi inayosubiri kujazwa na mwajiri.

Tanzania ya enzi za TANU iliwafundisha wanachama kwamba cheo ni dhamana, na msemo huo ulikusudiwa kuwazuia viongozi wasijinufaishe. Una faida ya pili ambayo haikusemwa sana. Aliyekabidhiwa dhamana anajua kabisa kwamba yeye ni mmoja na kitu alichoshika ni kingine, hivyo siku ya kukirudisha mikono yake haitetemeki.

Wiki hii chukua daftari, andika majina ya watu kumi uliozungumza nao zaidi mwezi uliopita. Weka alama kwa kila atakayeendelea kukupigia hata ukiacha kazi kesho. Alama zikiwa mbili tu, usisononeke; una kazi ya kufanya, na uzuri wake bado unao mshahara na nauli ya kuifanyia. Anza na yule ambaye umekuwa ukimwambia "nitakutafuta nikipata nafasi." Mtafute, na mkionana muulize habari zake kwanza.